Masta Mikononi Mwao: Macklemore na Ryan Lewis Walivyopanda Chati Bila Kujiuza kwa Lebo

Chati ya Billboard Hot 100, yaani orodha ya nyimbo maarufu zaidi Marekani, ya tarehe 2 Februari 2013 iliwaweka kileleni vijana wawili wa Seattle kwa wimbo unaosifia nguo za mitumba. "Thrift Shop" ya Macklemore na Ryan Lewis ilikaa namba moja kwa jumla ya wiki 6, na tangu hapo mabishano hayajaisha: walikuwa huru kweli au la? Upande mmoja unasema hawakuwa na mkataba wa lebo, yaani kampuni ya rekodi, basi yameisha. Upande wa pili unajibu kwamba CD zao zilifikishwa madukani na ADA, tawi la usambazaji la kampuni kubwa ya muziki ya Warner, na kwamba watu wa redio wa Warner ndio waliousukuma wimbo kwenye vituo vya nchi nzima.

Yote mawili ni kweli. Tatizo ni kulitumia neno "huru" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati kazi ya lebo ni mzigo wa kazi mbalimbali: kutoa mtaji, kurekodi, kumiliki kilichorekodiwa, kukisambaza, kukipeleka redioni, kukusanya pesa. Msanii anaweza kuufungua mzigo huo, akafanya mwenyewe anayoyaweza na kuyakodi mengine. Hata Lisa Loeb, ambaye mwaka 1994 alifika namba moja bila mkataba wowote, wimbo wake ulitoka kwenye albamu ya muziki wa filamu iliyotolewa na lebo kubwa ya RCA. Kwa hiyo maswali yenye maana ni mawili tu: masta, yaani rekodi zenyewe, ni za nani, na nani anamlipa nani?

Wimbo mmoja, mali mbili

Asiyelielewa hili hataelewa chochote kinachofuata. Kila wimbo uliorekodiwa ni mali mbili zilizokaa pamoja. Ya kwanza ni utunzi, yaani mashairi na muziki kama vilivyobuniwa, hata kama havijawahi kuingia studio. Ya pili ni masta, yaani rekodi yenyewe. Mali hizi mbili zina wamiliki wake, njia zake za malipo na wakusanyaji wake. Mkataba wa kawaida wa lebo kubwa hununua masta. Utunzi hubaki kwa mtunzi au huenda kwa kampuni ya haki za utunzi, kwa mkataba mwingine kabisa.

Nchini Marekani tofauti hii ina ukali wake. Redio ya kawaida ya FM inapopiga wimbo hulipa watunzi peke yao, kupitia mashirika ya kukusanya mirabaha kama ASCAP na BMI. Mwenye masta hapati hata senti moja. Redio za setilaiti na za intaneti ndizo zinazolipia masta, na pesa hiyo hukusanywa na SoundExchange kwa mgawo unaojulikana: asilimia 50 kwa mwenye masta, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa mfuko wa wanamuziki wasaidizi na waimbaji wa nyuma. Rapa anayemiliki masta yake hupokea 50 na 45 kwa pamoja, lakini lazima ajiandikishe mara mbili, kama msanii na kama mwenye haki. Wengi hujiandikisha kama wasanii tu, kisha wanashangaa mbona hela ni nusu.

Kuna mtego kama huo upande wa utunzi. ASCAP hugawa malipo katika fungu la mtunzi na fungu la mchapishaji, yaani kampuni ya haki za utunzi. Mtunzi ambaye hajasajili jina la uchapishaji, hata liwe lake mwenyewe, hukosa fungu la pili. BMI humlipa mtunzi asiye na mchapishaji mafungu yote mawili. Hizi ni fomu za mchana mmoja, na zinaamua nusu ya mapato ya redio.

Kwa nini wawili

Ben Haggerty, yaani Macklemore, alikuwa rapa wa Seattle mwenye kazi za peke yake kabla ya kufahamiana na Ryan Lewis kupitia MySpace katikati ya miaka ya 2000. Lewis alikuwa kijana mdogo kwake kwa miaka mitano, mpiga picha na mtengeneza mapigo. EP yao ya kwanza pamoja, yaani rekodi fupi kuliko albamu, "The VS. EP", ilitoka mwaka 2009.

Hesabu ya kuwa wawili ni rahisi na ina nguvu. Rapa wa peke yake hununua biti. Prodyuza humtoza ada ya mwanzo, kisha hudai nusu ya utunzi kwa sababu muziki ni wake, na juu ya hapo asilimia kama 3 au 4 ya mapato ya masta. Kwa albamu ya nyimbo 15 zenye maprodyuza 10, hiyo ni mikataba 10, sahihi 10 na watu 10 wa kulipwa kila robo mwaka. Prodyuza akiwa ndani ya kundi, vyote hivyo vinabaki nyumbani. Lewis aliongeza zaidi ya biti: alishughulikia picha na michoro, na video ya "Thrift Shop" aliiongoza yeye na Macklemore pamoja na Jon Augustavo. Gharama tatu kubwa za wimbo, yaani uzalishaji, picha na video, zilishuka kwa sababu ujuzi ulikuwa mezani tayari.

Udhaifu wa mpango huu uko kwenye sheria, na wengi hawauoni mpaka siku ya kugombana. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, watu wawili waliotunga kazi pamoja bila maandishi huhesabiwa wamiliki sawa, nusu kwa nusu, hata kama mmoja aliandika ubeti mmoja na mwenzake akafanya mengine yote. Kila mmoja anaweza kumruhusu mtu wa tatu kuutumia wimbo, mradi ruhusa hiyo si ya kipekee, bila kumuuliza mwenzake. Deni lake ni kumgawia faida. Dawa ni karatasi moja kwa kila wimbo, ijazwe siku ileile ya kurekodi: jina la wimbo, majina halali ya watunzi, asilimia ya kila mmoja zikifika 100 kamili, shirika la kila mtunzi la kukusanya mirabaha, tarehe, sahihi. Ikiachwa mpaka wimbo uvume, kila aliyepita studio siku hiyo atakumbuka alichangia neno.

Miaka mitatu ya nyumbani

Kati ya 2009 na 2012 wawili hawa walijenga Seattle kwanza. KEXP, kituo cha redio kisicho cha biashara cha mji huo, kiliwapiga mapema. Novemba 2010 alipofariki Dave Niehaus, mtangazaji wa miaka mingi wa timu ya besiboli ya Mariners, walitoa wimbo wa kumuenzi, "My Oh My", na Aprili 2011 wakautumbuiza uwanjani Mariners walipofungua msimu wao wa nyumbani. Kwa kundi lisilo na bajeti ya matangazo, wimbo kama huo huingia kwenye nyumba ambazo hip hop haijawahi kubisha hodi. Mwaka 2012 Macklemore akatokea kwenye jalada la jarida la XXL la marapa wapya.

Mpangilio huu unafaa kusomwa taratibu. Kundi huru linaishi kwa tiketi na fulana kabla ya kuishi kwa rekodi, na tiketi hununuliwa mji kwa mji. Ukumbi wa watu 300 uliojaa katika mji mmoja una thamani kuliko wasikilizaji 3,000 waliotawanyika nchi nzima, kwa sababu mwenye ukumbi wa mji wa jirani atauliza swali moja tu: mara ya mwisho mliuza tiketi ngapi, na wapi? Makundi mengi hufanya kinyume. Hukimbilia ziara ya miji 20 kwa sababu takwimu za mtandaoni zinaonyesha wasikilizaji kila mahali, kisha mafuta, vyumba na mshahara wa fundi mitambo vinakula kila kilichoingia mlangoni.

Senti za wimbo mmoja

"The Heist" ilitoka tarehe 9 Oktoba 2012, ikauza nakala kama 78,000 katika wiki ya kwanza na kuingia Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, katika nafasi ya 2. Tuone kwa nini idadi hiyo ina uzito tofauti kwa mwenye masta.

Wakati huo wimbo maarufu kwenye iTunes, duka la muziki la mtandaoni, uliuzwa dola 1.29. Duka lilibakiza takriban asilimia 30, likatoa kama senti 90. Chukua mfano wa msambazaji anayekata asilimia 20 ya hizo 90: zinabaki senti 72. Kutoka humo hutoka malipo ya utunzi yaliyowekwa kisheria, ambayo Marekani yalikuwa senti 9.1 kwa wimbo usiozidi dakika 5 kuanzia 2006 hadi 2022. Zinabaki kama senti 63, na zile 9.1 zinarudi mfuko uleule iwapo wanakundi ndio watunzi.

Sasa mchukue msanii wa lebo mwenye mrabaha wa asilimia 15. Kwenye senti 90 anaandikiwa senti 13.5. Anaandikiwa, halipwi, kwa sababu kwanza lebo inajirudishia ilichotumia, na inajirudishia kutoka kwenye zile senti 13.5 peke yake. Kama albamu na video ziligharimu dola 300,000, zinahitajika nyimbo milioni 2.2 ziuzwe kabla msanii hajaona mrabaha wa masta. Kundi lenye masta lililotumia dola 300,000 hizohizo litazirudisha baada ya nyimbo kama 476,000. Zaidi ya hayo, kwa nakala za CD, mikataba mingi ya lebo ina kipengele kinachopunguza malipo ya utunzi hadi asilimia 75 ya kiwango cha sheria pale msanii anapoimba wimbo aliotunga mwenyewe. Senti 9.1 zinakuwa 6.8. Kinaitwa cha kawaida, na watu wanasaini.

Hesabu ina upande wa pili. Wimbo ukianguka, deni la msanii wa lebo linabaki kwenye vitabu vya lebo. Hatafuatwa nyumbani kwake. Wa kujitegemea amechoma akiba yake. Kwa hiyo kiasi cha kuweka kwenye kurekodi kisizidi kile ambacho maonyesho na bidhaa za kundi zinaweza kurudisha katika mwaka mmoja, hata rekodi isipouza. Anayekopa dhidi ya wimbo ambao haujatoka anacheza bahati nasibu, hata kama ana kipaji.

Redio, mahali penye utata wote

Hapa ndipo hoja ya Warner inapoingia, na inastahili kuelezwa kwa utulivu.

Hot 100 huundwa kwa mauzo, kupigwa redioni na kusikilizwa mtandaoni. YouTube ilianza kuhesabiwa mwishoni mwa Februari 2013, wiki chache baada ya "Thrift Shop" kufika namba moja. Kwa maana hiyo, mamilioni waliotazama video hawakuingia kwenye hesabu ya wiki ile. Walichofanya ni kununua wimbo. Mabadiliko hayohayo yalipoanza, "Harlem Shake" ya Baauer ikawashusha kwa wiki 5 kwa nguvu ya video, ndipo "Thrift Shop" ikarudi juu.

Mauzo yanaweza kupatikana bila lebo. Redio ni kisa kingine. Vituo vikubwa vya muziki wa chati Marekani vina nafasi chache sana za nyimbo mpya kwa wiki, na waandaaji wake husikiliza watu wanaozungumza nao kila Jumatatu mwaka mzima. Sheria inakataza kituo kupokea malipo ya siri ili kipige wimbo, hivyo kinachouzwa ni uhusiano: timu yenye watu katika kila mkoa, wanaojua kituo gani kimeanza, mji gani wimbo umeanza kununuliwa, na kituo kipi kinaweza kushawishiwa kwa takwimu za jirani. Timu kama hiyo haijengwi kwa mwaka mmoja. Wawili hawa, chini ya meneja wao Zach Quillen, waliikodi. ADA iliwapelekea CD madukani, na idara ya redio ya Warner ikaubeba wimbo kwa malipo. Masta hazikuhama.

Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi mzuri kuliko yote katika hadithi hii, na ndio unaoeleweka vibaya. Kumlipa mtu mwenye gari akubebee mahindi hakumfanyi kuwa mwenye shamba. Kilicho muhimu ni wakati. Walikodi misuli ya redio wimbo ukiwa tayari unauzwa, ndiyo maana walikuwa na nguvu ya kukataa masharti ya umiliki. Kundi linaloajiri msukumaji wa redio kabla wimbo haujaonyesha dalili hulipa ada ya kila mwezi huku vituo vikijibu "tunaufuatilia", na baada ya miezi mitatu mfuko umekauka. Dalili za kusubiri ni hizi: wimbo unauza zaidi katika mji uleule ambao kituo kimoja kimeupiga, watu wanautafuta kwa jina, na mauzo yanapanda wiki hata wiki bila matangazo mapya.

Faida ya kutouza ilionekana tena haraka. "Can't Hold Us", waliyomshirikisha Ray Dalton, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2011. Mei 2013, karibu miaka miwili baadaye, ikafika namba moja ikakaa wiki 5. Lebo hupanga kwa misimu. Wimbo usiposhika katika miezi yake huwekwa kando, na msanii hana ruhusa ya kuutoa kabatini. Mwenye masta huurudisha sokoni siku anayotaka.

Wageni, sampuli na karatasi

Nyimbo zote mbili zilizofika kileleni zina sauti ya mgeni: Wanz kwenye kiitikio cha "Thrift Shop", Dalton kwenye "Can't Hold Us". Mgeni anahitaji maandishi ya mambo matatu: analipwa ada ya mara moja au asilimia; ametunga sehemu aliyoimba au aliimba kilichoandikwa; na ameruhusu sauti yake itumike kwenye video na matangazo. Ukikosa la tatu, kampuni inayotaka wimbo wako kwa tangazo itasubiri siku mbili halafu itachukua wimbo wa mwingine.

Sampuli, yaani kipande cha rekodi ya mtu mwingine kinachowekwa kwenye wimbo wako, ni mlima zaidi. "Otherside" ya mwaka 2009 ilijengwa juu ya wimbo wa Red Hot Chili Peppers. Kipande cha rekodi ya mtu kinahitaji ruhusa mbili, ya mwenye masta na ya mwenye utunzi, na mmoja akikataa hakuna wimbo. Kukipiga upya kwa vyombo vyako huondoa ruhusa ya masta, si ya utunzi. Kwenye "The Heist" vyombo vya watu halisi vilichukua nafasi kubwa: nyuzi za Andrew Joslyn, tarumbeta ya Owuor Arunga mwenye asili ya Kenya. Ni muziki wa gharama zaidi kurekodi, na ni rahisi zaidi kuumiliki. Hata hivyo, mwaka 2017 mwanamuziki mmoja wa New Orleans aliwashtaki akidai vipande vya kazi zake vimo ndani ya nyimbo zao. Mahakama iliitupa kesi mwaka 2019 na rufaa ikashindwa 2020. Kesi za namna hii hutetewa kwa mafaili ya kipindi cha kurekodi, yenye kila ala kwenye mstari wake na tarehe zake. Prodyuza anayebaki na faili la mwisho la stereo peke yake hana cha kuonyesha.

Njia nyingine ya watu wawili

Mwaka 2013, uleule wa kilele cha "Thrift Shop", marapa El-P wa New York na Killer Mike wa Atlanta walitoa albamu ya kwanza ya kundi lao, Run the Jewels, bure mtandaoni. Walikuwa wakubwa kwa umri na wazoefu: El-P alikuwa ameendesha lebo yake, Definitive Jux, na mwaka 2012 alizalisha albamu ya Mike, "R.A.P. Music". Kutoa bure kulikuwa na mahesabu. Anayepakua huacha barua pepe, na barua pepe ni tiketi na fulana ya mwezi ujao bila dalali katikati. Alama yao ya ngumi na bastola ikawa bidhaa yenyewe. Albamu ya nne, Juni 2020, pia ilitolewa bure, na bado iliingia kumi bora za Billboard 200.

Njia hii haimfai kila mtu. Inataka jina lililokwisha kujengwa na maonyesho yanayojaza kumbi. Kundi changa linalogawa muziki bure bila orodha ya mashabiki na bila duka la bidhaa limegawa tu.

Baada ya kilele

Januari 2014 Macklemore na Ryan Lewis walichukua Grammy 4, ikiwemo ya albamu bora ya rap dhidi ya "good kid, m.A.A.d city" ya Kendrick Lamar. Lawama zilikuja usiku huohuo, na Macklemore akauweka hadharani ujumbe aliomtumia Lamar akikiri kwamba Lamar ndiye aliyestahili. Hapa ndipo upungufu wa kujitegemea ulipoonekana: anayemiliki kila kitu hana jengo la kujifichia. Albamu ya pili, ya Februari 2016, iliingia nafasi ya 4, chini ya ile ya kwanza. Juni 2017 wakatangaza kupumzika, na Septemba Macklemore akatoa albamu ya peke yake, "Gemini".

Kundi likisimama, nyimbo hazisimami. Mkataba wa wawili unapaswa kusema mapema nani ana haki ya kutumia jina la kundi, nani anapokea taarifa za msambazaji, nani ana nywila za akaunti, mmoja akifariki fungu lake linakwenda kwa nani, na ni maamuzi gani yanahitaji sahihi mbili. Wanunuzi wa muziki kwa matangazo na filamu hudai sahihi zote mbili hata pale sheria ya utunzi inaporuhusu moja, kwa sababu ruhusa ya mmoja si ya kipekee, na hakuna kampuni inayotaka kuuona wimbo wa tangazo lake kwenye tangazo la mshindani wiki inayofuata.